Unga gani, yaya?

Leo nimeharibu sauce aigre-douce yote, ile sosi ya tamu na ukali, juu ya neno moja: unga.

Yaya yangu Béa, dada yangu mukubwa, anaishi Goma. Iyi sosi anaipika kama ya resto ya Bachina. Nilimusumbua anipe recette, akanitumia audio.

Njo siku ileile vita iliingia kwabo.

Leo tu nimepata nguvu ya kuisikiliza, nyungu iko ku moto.

"Sukari, vinaigre, tomate ya mukebe. Acha itokote. Usifunike, weye na haraka yako! Kisha utie unga ya... Ngoya, kuko bantu ku mulango."

Audio inaishia pale.

Unga ya nini? Huku Lubumbashi, ukisema unga, ni ya mahindi, ya kusonga bukari, ugali yetu. Nikatia.

Mama akachungulia mu nyungu:

"Mutoto wangu, njo bukari ya Bachina iyi?"

Tukacheka mpaka machozi. Kisha mama akaonja, akasema:

"Muulize yaya yako ni unga gani."

Kama vile yaya iko mu chumba ya pembeni.

Nikaandika: "Yaya, unga gani?" Juu yake kuko message zangu zingine mingi, zote na tiki moja tu, hazijamufikia.

Najua mutaniandikia hapa chini: maïzena, ile unga laini ya kufanya sosi nzito. Asante. Miye pia nilishajua.

Lakini mama amekataza mutu kumwanga iyi sosi. Anasema tunangoya jibu.

Weye uko Goma, ukimuona yaya Béa, usimwambie mengi. Muulize tu: unga gani?