Siku Niliyomgombeza Mama Mkwe kwa Kiingereza

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na kwa kuwa mke wangu huisimulia kila wageni wakija, na kila mara anaiongezea chumvi, nimeona afadhali niiandike mwenyewe jinsi ilivyokuwa, hata mahali ambapo mimi ndiye naonekana mjinga, ambapo ni karibu kila mahali.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa napiga pasi kwa fundi mmoja wa nguo mjini Kisumu, na jioni nasoma ngumbaru, darasa la watu wazima, katika chumba cha nasari cha kanisa kule Obunga. Shule niliachia darasa la saba, lakini kwa wenzangu mle nilihesabiwa msomi. Basi mwalimu wetu akashikwa na malaria, akatuma ujumbe nimshikie darasa siku moja. Ningesema siwezi, yangeishia hapo. Nikasema naweza.

Somo lilikuwa maneno ya Kiingereza yanayoandikwa namna moja na maana zake ni chungu nzima. Niliazima kamusi nikachagua neno fupi ili nisiumbuke: row. Kamusi ilisema ni mstari, kama wa viti. Tena ni kupiga kasia. Tena ni ugomvi. (Hii ya mwisho inatamkwa kama "rau", jambo ambalo sikulijua, kwa hiyo kuna watu Obunga niliwafundisha vibaya na sijawahi kuwaomba msamaha.)

Chaki haikuwapo. Nikaamua tutaigiza, yaani kila maana mtu aione kwa macho. Hata leo naona njia yenyewe haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwa mtu niliyemchagua.

Hapo lazima niwaeleze habari ya Akinyi. Akinyi, aliyekuwa amepanga chumba Migosi, ndiye niliyetaka kumwoa, na Jumamosi iliyokuwa inakuja nilikuwa niende kwao Usenge kupeleka ayie, ile zawadi ya kumwomba mama wa msichana akubali. Mama asipokubali hakuna ndoa, hata baba apige magoti. Na mama huyo nilikuwa sijawahi kumwona. Sisi Wajaluo, mtu na maro wake, yaani mama mkwe, hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawataniani hata kidogo. Wakikutana njiani, kila mmoja anatafuta upande wake.

Jioni ile, Mama Pamela, mwanafunzi mwenzetu, alikuja na dada yake aliyekuwa ameleta omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni, akaomba tu aketi asikilize. Sikumuuliza ni ufuo gani. Sikumuuliza chochote. Niliona mama mnyamavu, leso kichwani, nikafikiri huyu mgeni nikimtia moyo ataipenda elimu.

Nikamwendea, nikamshika mkono, nikamwongoza polepole mbele ya benchi zote huku nikisema, "This is a row." Darasa likaitikia. Mama akaangalia mkono wake, akaniangalia mimi, lakini akafuata, maana mwalimu ni mwalimu.

Nikaleta benchi katikati kuwa mashua. Nikamkalisha, nami nikaketi nyuma yake, karibu kabisa, magoti yangu yakigusa mgongo wake, tukapiga kasia kwa fagio mbili. Hapo mama alichangamka. Alinikemea kwamba navuta maji kama mtu anayekoroga uji, watu wakacheka, nami nikacheka, nikampiga bega kidogo kama mnavyopigana bega na rafiki. (Mke wangu anasema nilimpiga mara mbili. Inawezekana.)

Ikabaki maana ya tatu. Nikamwambia, sasa Mama, tunagombana, lakini ni somo tu. Nikasimama, nikamnyoshea kidole, nikamwaga Kiingereza chote nilichokuwa nacho: kwamba ni mtu mbaya, kwamba samaki wake wananuka, kwamba nitamwita polisi. Sijui alielewa kiasi gani. Kidole alikielewa. Akashika kiuno, na kumbe huyu ni mtu aliyezoea kubishana na wanunuzi wa samaki alfajiri, mimi ni nani.

"Kijana mzima," akasema, "umevaa shati ya watu, unashika wamama mkono, unawapigia kelele. Nani atakupa binti yake?"

(Shati kwa kweli lilikuwa la mteja. Sijui alijuaje.)

Darasa lilipiga makofi kama kwenye harambee. Na katikati ya makofi hayo nikamwona Akinyi mlangoni, kiganja mdomoni. Alikuwa amekuja kumchukua mama yake aende akalale Migosi.

Akasema polepole, "Mama, huyo ndiye Odhiambo."

Mama alijifunika uso kwa leso akatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nikatoka kwa dirisha, sijui kwa nini, mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Akinyi alinieleza kwamba nyumbani kwa Mama Pamela kulikuwa na kesi, na mama yake alikuwa amesema Jumamosi nisikanyage Usenge. Mama Pamela, ambaye naye hakujua kwamba mchumba mwenyewe ni mimi, akanitetea, akasema mkono, benchi na kelele vyote vilikuwa somo. Mama yake Akinyi alijua kwamba na yeye ametamka mbele ya watu kwamba hakuna wa kunipa binti, na neno kama hilo la mama si jambo dogo. Mwishowe, kama nilivyoelezwa, alisema hivi:

"Kama mkono ilikuwa somo, basi na maneno yangu ilikuwa somo. Kama maneno ni ya kweli, na mkono pia ni ya kweli, na hiyo mimi siwezi kuishi nayo. Wacha yote iwe somo. Lakini yeye achague, atakuwa mwalimu au atakuwa mkwe."

Nilichagua kabla Akinyi hajamaliza kunieleza. Ayie ilipokelewa Jumamosi ile ile, mimi nimeketi nje upande mmoja wa nyumba, maro wangu upande mwingine, tukipitishiana salamu kupitia kwa Mama Pamela kama watu wa mataifa mawili.

Darasani sikurudi, wala kama mwalimu wala kama mwanafunzi, kwa hiyo Kiingereza changu kiliishia pale. Na mpaka leo mama yeyote mtu mzima akininyoshea mkono, mikono yangu inabaki mfukoni hadi aniambie ametoka ufuo gani na mabinti zake wameolewa wapi. Wengine huniona sina adabu. Nawavumilia.