Mkanda wa Mashine ya Mawese

Elda, mkamuaji wa mawese pale Rumonge, alikuwa na Landrova kuukuu na ulimi mkali kuliko pilipili. Asubuhi moja wakati wa vita, magari yakijipanga kwenda Bujumbura kwa ulinzi wa askari, mkanda wa feni ulimkatikia.

“Kwa vikwazo hivi vya biashara mukanda mupya haiko, Mama Elda,” alisema Zahor, muuza vipuri.

“Nani amekuomba mupya?”

Akaenda kuufungua ule wa mashine yake ya kukamulia. Upana ulilingana, ila ulilegea. Akaisogeza nje dainamo, ile inayozungushwa na mkanda huo, mpaka ukakazika. Injini ikanguruma.

Zahor akashika kichwa. “Sasa mawese utakamua na nini?”

Elda akamwonyesha mapipa yaliyojaa nyuma ya gari.

“Nimeshakamua yote. Toka mu njia!”