Mashini ya Magunzi

Munisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la sita, mkono wangu ni mzito, herufi zinalala upande, na maneno ya Kifaransa nayaandika jinsi ninavyoyasikia. Mtakapoona kosa, someni tu mbele. Kuongea mbele ya watu ndiko kunanishinda zaidi, kwa hiyo naandika, polepole.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi wa moteri. Ana mashini ya kusaga mahindi hapa Mabanga, mjini Goma, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano kama nyumba zetu zote. Mashini ilikuwa inakunywa mazutu, ile wengine wanaita dizeli. Kisha mazutu ikaanza kukosa. Leo iko, kesho haiko, na siku inapopatikana bei imepanda. Wamama walileta mahindi, wakakaa juu ya mifuko yao, wakarudi nayo nyumbani bila kusaga.

Mahindi yenyewe yalikuwa yamebadilika. Wale waliotoka upande wa Rumangabo, na ndugu zetu wa Masisi, walileta mahindi mafupi yenye mapengo, kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Walisema ni kwa kukosa mbolea nyeupe, ile ya chembechembe inayoitwa urea. Inapita mpakani katika mifuko mikubwa, na wafanyabiashara wanaipima kwa kopo. Kila msimu kopo lina bei nyingine. Ukiuliza sababu, muuzaji anakujibu kwamba si yeye, ni gesi ya nchi za mbali imepanda.

"Gesi na mbolea vinakutana wapi?" mama mmoja aliuliza.

Shemeji ndiye aliyejibu. Siku moja aliitwa Himbi, mtaa mwingine wa mji, kutengeneza grupu, ile jenereta ya umeme, katika ofisi fulani, na ukutani aliona mchoro. Ulionyesha bomba linaloshuka katika ziwa letu na kuleta gesi juu. Gesi inapashwa moto mkali pamoja na mvuke wa maji, inakuwa mchanganyiko wa gesi mbili. Moja kati ya hizo, ile nyepesi, inaunganishwa na hewa hii tunayovuta, na mwishoni inatoka mbolea. Mwisho wa mchoro kulikuwa na lundo la mifuko myeupe. Kiwanda chenyewe hakijajengwa. Ulikuwa mchoro tu. Katika simu yake aliona pia kwamba siku hizi kuna viwanda vidogo, vinavyoingia ndani ya kontena moja, vinavyotengeneza mbolea kwa maji na umeme bila gesi ya ardhini. Hivyo pia tuliviona katika simu tu.

"Lakini ule muchanganyiko," aliniambia, "hata pipa inaweza kuutoa. Hautakuwa safi kama wa kiwanda. Moteri haichagui."

Akaunga mapipa mawili mle ndani, karibu na moteri. La kwanza lilijazwa magunzi makavu, yale yanayobaki mahindi yakishapukuchuliwa, na yakawaka kwa hewa kidogo sana, moto ukiwa umebanwa. Gesi iliyotoka ilipita katika bomba hadi pipa la pili, lenye maji na unga wa mbao wa kuichuja, kisha ikaingia katika moteri. Mazutu ikabaki tone la kuwashia tu. Kazi yangu ilikuwa kujaza magunzi, kutikisa majivu, na kuziba kifuniko kwa udongo. Nilipenda kazi ile. Pipa haliulizi mtu maswali.

Siku ya kwanza kinu kilipozunguka, wamama walipiga vigelegele. Mmoja wao, muuza unga mwenye sauti kubwa aliyekuja karibu kila siku, alilizunguka pipa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Papa, hii pipa yako imekula magunzi ya kutosha. Mbolea itatoa lini?"

"Ngoja mama. Leo inatoa unga. Mbolea ni ya kesho."

"Kesho ya Goma naijua! Itakuta wajukuu wangu wamezeeka!"

Dada ndiye aliyepokea wateja na pesa zao, na alikuwa amejifungua karibuni. Mtoto alikuwa mgongoni au kifuani kwake wakati wote. Kwa hiyo, tangu pipa lilipowashwa, hofu ya nyumba yetu ikawa moja: gesi isimfikie mtoto.

Mtu wa Goma akisikia neno gesi, anafikiri mazuku. Ni gesi inayotoka ardhini, katika mashimo ya mawe ya volkano. Haina rangi, inalala chini kama maji, inaua mbuzi na kumwacha mwenye mbuzi amesimama. Tunafundishwa tangu utoto: usikae chini pale, usiiname pale. Mama yetu alipoteza mbuzi wawili kwa njia hiyo, na yeye ndiye aliyetoa amri.

"Huyu mutoto asishushwe chini kwenye hii nyumba. Hata siku moja."

Hakuna aliyebisha. Shemeji alipiga mbao, akatengeneza kitanda cha juu, karibu na mabati, chenye ngazi fupi. Dada akawa anakaa huko na mtoto, na wateja wanainua mkono kumpa pesa. Chini, tulikata matundu katika ukuta ili gesi itiririke nje. Juu, tuliziba nyufa zote kwa shitingi, ile plastiki nene, ili mvua na baridi visimpate mtoto. Kila asubuhi mama aliwasha mshumaa sakafuni, kwa sababu katika mazuku moto unazimika. Mshumaa uliwaka vizuri. Tukafunga na kuku mguu karibu na pipa, awe wa kwanza kutuonya. Kuku alikula pumba, akanenepa.

Baada ya muda dada akaanza kuumwa kichwa. Alitapika mara mbili. Muuza unga akacheka, akamwita Yaya, jinsi tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, usitufiche. Mwingine amesha kuingia?"

"Mwingine wapi! Huyu hata jino hajaota."

Kwenye kituo cha afya walimpima malaria, hawakuiona, wakampa dawa ya malaria hata hivyo. Jumapili, mashini ikiwa imezimwa, alikuwa mzima kabisa. Mama alisema ni Misa. Mtoto naye alilala sana, akaamka kidogo, akalala tena, na wateja walimsifu kwa utulivu. Sisi tuliinua godoro lake juu zaidi kwa kuongeza mifuko mitupu.

Siku ninayotaka kueleza ilikuwa ya mvua. Watu walijaa, mlango ukarudishwa ili maji yasiingie, mashini ikafanya kazi muda mrefu bila kupumzika. Muuza unga alisaga, akainua noti kumpa dada. Mkono wa dada haukushuka.

"Mama, shika basi. Ao leo uko na maringo?"

Dada alikuwa anamtazama, lakini hakushika. Noti ikaanguka. Nilipanda ngazi. Midomo ya dada ilikuwa myekundu ajabu, na mtoto alikuwa amelala juu ya mkono wake kama nguo iliyotoka majini. Nikamchukua mtoto, nikampa muuza unga aliyekuwa chini yangu.

Mama, aliyekuwa anachekecha unga pembeni, akaruka.

"Usimushushe! Inua! Chini njo iko gesi!"

Muuza unga alikuwa mama wa watoto sita, na yeye pia ni mtu wa Goma. Alimwinua mtoto kwa mikono miwili hadi kichwa chake kikakaribia mabati. Alisimama hivyo. Watu wengine wakapanda juu ya mifuko. Shemeji alikuja mbio kutoka kwenye moteri, na yeye pia akanyoosha mikono kusaidia kumwinua.

Niliangalia chini kutafuta pa kukanyaga. Kuku, kamba yake ikiburutika mguuni, alikuwa anatembea kati ya miguu yetu, anadonoa unga uliomwagika.

"Kuku iko muzima," nilisema.

Hawakusikia. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Shemeji, kuku iko muzima! Yaya ndiye alikuwa juu!"

Alimtazama kuku. Alimtazama mke wake. Kisha akampokonya muuza unga mtoto, akainama hadi kifua kikakaribia magoti, akatoka naye nje katika mvua, akamlaza juu ya changarawe nyeusi. Mama alilia kwamba anamwua. Mimi na muuza unga tulimshusha dada na kumburuta nje, akawekwa kando ya mtoto. Mtu fulani alifungua mlango wote na kuzima moteri.

Kituo cha afya hakiko mbali. Muuguzi aliwawekea hewa ya chupa, mmoja baada ya mwingine. Aliuliza tunachoma nini, shemeji akamweleza pipa. Muuguzi alisema hii si mazuku. Hii inatoka katika moto uliobanwa. Ina joto, inapanda na kujaa chini ya mabati, na mshumaa unaendelea kuwaka ndani yake. Mtoto alilia kabla jua halijazama. Dada alifumbua macho baadaye kidogo na kuuliza kama watu wote wamelipa.

Wote wawili wako hai. Mtoto sasa anatambaa. Dada bado anasahau maneno fulani, anaonyesha kitu kwa kidole hadi tumsaidie jina.

Mazutu bado ni ghali, mbolea nyeupe vilevile, na wamama bado wanapita kuuliza kama tunasaga. Shemeji amehamisha mapipa nje, chini ya mabati yasiyo na kuta, bomba refu tu ndilo linaloingia ndani. Anasema katika viwanda vya mbolea watu wanafanya kazi na gesi hii hii kila siku na wanarudi kwao, kwa sababu kuna kidude kidogo kinacholia gesi ikivuja. Tumekitafuta mjini, hatujakiona. Dada anasema pipa halitawashwa mpaka asikie kutoka kwa mtu aliyeishi na mashini ya namna hii, si kutoka kwa mume wake. Mimi sijui nisimame upande gani.

Kwa hiyo nawaomba mniandikie. Kama kwenu kuna kinu kinachotumia gesi ya magunzi au ya makaa, niambieni kifuniko mnakiziba na nini, na watoto wenu wanakaa wapi kinapozunguka. Kama mnajua kidude kile kinapatikana wapi, niambieni. Mpeni jibu yule aliyewaletea karatasi hizi, litanifikia. Nitamsomea dada kwa sauti.