Celestine Bochaberi, Katekista Aliyegeuka

Alizaliwa mwaka 1951 katika mashamba ya chai karibu na Nyaramba, na mamake alipenda kusimulia kwamba kilio chake cha kwanza kilisikika ng'ambo ya bonde. Mungu alimjalia koo, naye hakulionea huruma. Alipoitwa kuwa katekista, kila Jumamosi alisimama kilimani akawaita watoto wa mafundisho, kilima kwa kilima, jinsi Abagusii, watu wa vilima hivyo, wanavyopashana habari. Hata ng'ombe waliinua vichwa.

Mwaka 2009 koo lilimgomea. Daktari aliona vinundu kwenye nyuzi za sauti, akamwamuru anyamaze miezi miwili, hata kunong'ona asinong'one, la sivyo sauti ingepotea kabisa. Nayo Komunyo ya Kwanza ilikuwa imekaribia, na Gesare, msichana wa miaka kumi, alikuwa hatarini kuachwa nje tena. Akiulizwa swali, alikaa kimya. Bochaberi, aliyezoea kuuliza huku akiandika ubaoni, alikuwa ameshamwita mkaidi.

Kukaa nyumbani hakukumwingia akilini. Jumamosi iliyofuata aliwageukia watoto, akauliza kwa midomo tu, bila sauti: ni nani aliyekuumba? Darasa likaangua kicheko. Gesare peke yake akasimama.

"Ni Mungu aliniumba, mwalimu."

Akaulizwa la pili na mengineyo, yote akajibu. Hapo Bochaberi akaelewa kwamba mtoto huyu hasikii vizuri, husoma midomo, na kwamba yeye siku zote alimpa mgongo. Alilia mbele ya darasa, kwa aibu na kwa furaha.

Akampeleka Gesare hospitali pamoja na mama wa mtoto. Masikio yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni, na mama, kwa mapenzi yake yote, alikuwa akiyatia mafuta ya moto. Kwa matibabu usaha ulikauka, na sikio moja likaanza kusikia. Gesare alipopokea Komunyo, kanisa zima lilipiga vigelegele: muujiza!

"Wacheni hiyo, watu wangu," alisema Bochaberi, sauti yake ikiwa imerudi na mikwaruzo. "Mimi niligeuka tu."

Alifariki mwaka 2022. Kutoka Keroka hadi Kenyenya wapo wanaosimulia neema walizopata kwa maombezi yake, na Gesare, sasa mwalimu wa watoto viziwi, ndiye aliyesoma somo katika misa ya mazishi. Nasi, wapendwa, kabla ya kumwita mtoto mkaidi, tumtazame usoni.