Dume Aliyezoea Trekta Langu

Leo mjukuu wangu kanifunga mdomo mezani.

Yuko darasa la nne, wanasoma wanyama. Kaniuliza, "Babu, hapa Dirma kulikuwa na swala?"

Nikajaa sifa, jamani! Nikamwambia enzi za mashamba ya ngano ya serikali mimi nilikuwa dereva wa trekta, na msimu wa uwindaji ukifunguliwa, msimamizi wetu mwenye kibali na bunduki alinifuata mimi nimpeleke.

Nikamwaga siri zote. Mvua ikinyesha na majani yakachipua, majike wanakusanyika. Asubuhi ya baridi dume anawafukuzia mpaka anasahau kula. Jua likiwa kali analala kivulini, hapo umemkosa.

Na trekta hawaliogopi, maana wanaliona kila siku.

Basi siku moja msimamizi alipanda nyuma yangu, nikaendesha polepole kama vile nalima. Dume mmoja mkubwa akatuangalia, akaona ni trekta lile lile, akarudi kwa majike wake.

Akapigwa pale pale.

(Hapa nilitegemea mtoto acheke. Watu wazima huwa wanacheka.)

Kaacha kula. "Babu, kwa hiyo alikuwa anakuamini?"

Nikasema nimeshiba. Sijashiba.

Miaka yote hii nilikuwa najisifia ujanja, kumbe.

Swala hapa sijamwona tena siku nyingi.

Wenzangu wa enzi za ngano, nyie mngemjibuje mtoto huyu? Yuko hapa mlangoni, bado anasubiri.