Haki za Wachache

Siwezi kuongea mbele za watu mpaka niwe nimeyaandika maneno yangu, nikayafuta, nikayaandika upya. Ndiyo maana mkutano wa mtaa ulipotangazwa nilikosa usingizi. Mtaa wetu, huku Mbagala, ulikuwa umepata tangi la maji la msaada. Fundi alisema linaweza kukaa upande wowote wa uwanja: kwenye kijiwe cha bodaboda, au pale lilipo banda la mama yangu la vitumbua. Bodaboda ni wengi. Mama ni mmoja, na banda lile ndilo lililonilea.

Nilijiona nimejiandaa. Shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini nimejisomea mwenyewe, kwenye simu, habari za mapinduzi ya nchi za mbali. Watu wanamwangusha mfalme, halafu umati wenyewe unageuka mfalme na kuanza kukata vichwa. Nilichokipenda ni wazo lililokuja kuwazuia: kwamba kuna vitu ambavyo hata wengi wakiungana hawaruhusiwi kumnyang'anya mtu. Kwangu mimi, bila hilo hakuna demokrasia. Kazi ilikuwa kulisema kwa Kiswahili. Nilichambua maneno kama mchele, mwisho nikaridhika na "haki za wachache". Fupi, safi. Nikawa nalirudia bafuni mpaka mama akauliza naongea na nani.

Siku ya mkutano mwenyekiti alieleza habari ya tangi, bodaboda wakasema wateja wao wamezoea kuwakuta pale pale. Mama, aliyekaa pembeni yangu, akajifunga khanga yake vizuri. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, demokrasia siyo wengi tu," nilisema. "Demokrasia ya kweli inalinda haki za wachache."

Watu wakanong'ona. Nikadhani nimewagusa. Kisha akasimama dereva mmoja wa bodaboda, kijana anayekula vitumbua vya mama kila asubuhi. Wala hakuwa na hasira.

"Braza, wachache si ndio wale wa Msasani? Haki zote wanazo wao. Leo maji yametufikia sie wengi, na wewe unawatetea wachache?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Hapo ndipo nilipolisikia neno langu kwa masikio yao. Huku kwetu wachache siyo wanyonge. Wachache ni wenye nacho, wale wanaogawana vinono milango ikiwa imefungwa. Nilikuwa nimelisugua neno lile mpaka likang'aa, na sikuwahi kufikiri litasikikaje uwanjani. Nikajaribu kurekebisha, nikasema namaanisha haki ya mtu mmoja mmoja. Mtu akajibu kutoka nyuma kwamba huo sasa ni ubinafsi. Wakacheka tena. Nikakaa.

Mwenyekiti akauliza kama wanavyouliza bungeni: wanaoafiki tangi likae upande wa banda waseme ndiyo. Ndiyo ikajaa uwanja mzima, na ndani yake, pembeni yangu kabisa, nikasikia sauti ya mama. Hakunong'ona. Alisema kama wenzake. Mwenyekiti alipowaita wasioafiki waseme siyo, nilifungua mdomo, nikamtazama mama, nikaufunga. Mwenyekiti akatangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda.

Njiani nilimuuliza kwa nini.

"Ulitaka niseme siyo peke yangu?" alisema. "Siku nikifiwa, nani atakuja kukaa na mie msibani?"

Nilisoma habari za watu waliosimama peke yao mbele ya wafalme na mahakimu. Nikazipitia zote kichwani, sikukumbuka mahali ambapo swali hilo lilijibiwa.

Mama akasema tubomoe wenyewe jioni ile ile, kabla hawajaja kutupindia mabati. Yeye aling'oa misumari, mimi nikashika bati. Yule dereva wa bodaboda akapita, akaegesha pikipiki, akamwamkia mama shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu. Kisha kijana akaja akashika upande wa pili wa bati. Alilishusha taratibu, asimuumize mtu.