Isale la Valerian

Mwaka 1997 nilikuwa dereva wa Valerian, na nasema wazi: safari zile zilinichefua. Asubuhi Ziwa Chala, mchana maji moto, alasiri maporomoko ya Kibosho, yote kwa siku moja, kana kwamba mlima utahamishwa kesho.

Siku hiyo tulikuwa na wageni wanne. Pale Chala Valerian aliwasimulia jinsi volkano ilivyolipuka ikaacha shimo ambalo sasa limejaa maji. Kwenye chemchemi ya maji moto, ambayo kusema kweli ni ya uvuguvugu tu, wakaoga na kupiga kelele. Valerian hakuoga. Aliniambia, "Leo naenda kumwomba mzee msamaha. Nimechoka."

Mzee wake, Basili, alikuwa hajamsemesha kwa miaka miwili. Bei ya kahawa ilipoanguka, Valerian aling'oa mibuni bila kumuuliza mtu, akakata njia ya wageni ya kwenda kwenye maporomoko katikati ya kihamba, shamba la ukoo, hatua tatu tu kutoka kaburi la babu. Kwetu Uchaggani ugomvi wa namna hiyo una dawa yake: jani la isale, mmea tunaoupanda makaburini. Ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, hana ruhusa ya kukukatalia. Watu wamesameheana damu kwa isale.

Tulifika Kibosho saa tisa. Masale yameota pembeni ya lile kaburi, na Valerian, kwa mazoea ya kazi, akakata majani manne, akawagawia wageni, akawafundisha kufunga fundo. "Ukimpa mtu hili, lazima akusamehe!" Mwanamke mmoja akampigia mumewe magoti kwa mzaha. Mume akajifanya kununa. Wakacheka, wakapigana picha. Nilipoinua macho nikamwona mzee Basili amesimama mlangoni kwake, anatazama. Nilitamani kumzaba Valerian kibao.

Wageni waliposhuka kwenye maporomoko, Valerian akakata jani la tano, akalifunga, akapanda kwa baba yake. Nilimfuata.

"Shikamoo, baba."

Akapiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Mzee akalitazama.

"Wapelekee wageni wako," akasema. "Wao wamelilipia."

Akaingia ndani. Valerian alibaki pale chini akilia bila kujificha. Huko bondeni wageni walikuwa wanatuita tukawapige picha.

Mzee alifariki Kwaresima iliyofuata. Alikuwa ameshamwonyesha binti yake Mektrida mahali pa kumzika, akapachora kwa fimbo: katikati ya ile njia ya wageni. Hakuna aliyethubutu kubisha. Valerian alichimba pamoja na wanaume wengine, mpaka shimo lilipomfika kifuani, akauliza kama linatosha.